Dripu iliyokauka saa tisa usiku

Swali: Shikamoo Injinia. Mimi ni fundi simu hapa Igoma, Mwanza. Mwezi uliopita nilimuuguza mama wodini siku tatu, alikuwa anaharisha na kutapika. Usiku wa pili nilisinzia kwenye mkeka, nikashtuka saa tisa nakuta dripu imekauka, mpira una upepo na huku chini damu imerudi. Muuguzi alikuwa mmoja wodi nzima. Jirani wa kitanda cha pili akaniambia ningechelewa dakika tano upepo ungeingia, mama angekufa. Ni kweli? Na kwa nini mpaka leo hakuna kitu cha kupiga kelele dripu ikiisha? Nimewaza kukitengeneza mwenyewe: nachoma sindano mbili kwenye kile kichupa cha matone, maji yakiisha umeme unakatika, kengele inalia. Betri ya simu ya zamani inatosha. Nikiongeza mota ndogo, kinaubana mpira chenyewe. Nishauri. Na kikifanya kazi, naruhusiwa kukiuza?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole kwa kuuguza. Namshukuru Mungu mama yuko nyumbani.

Nianze na huyo jirani wa kitanda cha pili, maana maneno yake nimeyasikia karibu kila wodi niliyoingia na begi langu la spana kutengeneza vifaa. Dripu ya kutundika haina injini. Kinachosukuma maji ni uzito wa maji yenyewe. Chupa ikiwa mita moja juu ya mkono, msukumo unaofika kwenye mshipa ni kama milimita 74 za zebaki, kwa kipimo kile kile wanachokipimia presha. Mshipa wa vena mkononi unasukuma kurudi nyuma kwa milimita 10 hivi. Sabini na nne dhidi ya kumi, maji yanaingia. Chupa ikiisha, maji yaliyobaki kwenye mpira yanaendelea kushuka, lakini kila yanaposhuka msukumo unapungua, mpaka yanafika kama sentimita 13 juu ya mshipa, pungufu ya shubiri. Hapo nguvu mbili zimelingana na kila kitu kinasimama. Ndicho ulichokikuta: upepo juu, kimiminika chini. Mama akigeuka, akikohoa au akiuning'iniza mkono pembeni ya kitanda, damu inapanda kidogo ndani ya mpira. Inatisha kuitazama, lakini madhara yake ya kawaida ni kuganda kwenye kanula, kile kijibomba kinachokaa ndani ya mshipa, na mgonjwa anachomwa upya.

Kwa hiyo usiku ule upepo haukuwa njiani kuelekea moyoni. Usije ukaupuuza, hata hivyo. Upepo unaingia kweli pale mtu anapoleta chupa mpya na kuichomeka kwenye mpira uliokauka bila kuutoa upepo kwanza, kwa sababu sasa yale maji mapya yanausukuma wote mbele. Mpira wenye tundu la milimita 3 na urefu wa mita moja na nusu una nafasi ya mililita 10 hivi. Kwa mtu mzima, makadirio ya upepo unaoua yanazungumzia mililita 200 hadi 300 zinazoingia kwa haraka, na vipovu vidogo hunaswa kwenye mapafu na kuyeyuka. Kwa kichanga hesabu hiyo haifai. Kwa mwenye tundu kwenye moyo haifai pia, maana kipovu kinaweza kukwepa mapafu kikaenda moja kwa moja kwenye ubongo. Na aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, akivuta pumzi mshipa ule unaweza kunyonya upepo wenyewe, huo haumsubiri mtu asukume. Mwombe muuguzi autoe upepo. Akikuona msumbufu, vumilia.

Mimi kinachonitisha kwenye dripu ni kile kigurudumu kidogo cheupe cha kupunguzia kasi.

Ni plastiki inayobana plastiki. Muuguzi anakiweka matone 40 kwa dakika, anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Mpira uliobanwa unaendelea kulegea na kukaa sawa ndani ya saa ya kwanza, njia inabadilika upana, matone hayabaki 40. Mgonjwa anakunja kiwiko, yanapungua. Anaenda chooni na chupa mkononi, yanakaribia kukoma. Anarudi, inatundikwa kwenye msumari ulio juu zaidi ya ule wa mwanzo, yanakimbia. Na kuna ndugu wa mgonjwa mwenye haraka, anayekifungua “imalizike tuondoke”. Huyo nimemwona kwa macho yangu, tena zaidi ya mara moja.

Wewe ni mtu wa hesabu ndogondogo, kwa hiyo nikupe hii. Mpira wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita, ipo pia ya 15 na ya 10, na ile ya matone madogo hutoa 60. Idadi huandikwa kwenye pakiti. Chupa ya mililita 500 ikitakiwa iishe kwa saa 4, zidisha 500 kwa 20, gawa kwa dakika 240, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Sasa chukua matone 42 yale yale kwenye mpira wa 60: chupa itachukua karibu saa 12. Mtu akigeuza kosa hilo upande wa pili, akahesabu kwa 60 huku mpira ni wa 20, mgonjwa anapata maji mara tatu ya alivyoandikiwa, na kwa macho dripu inaonekana nzuri kabisa.

Kwa mtu mzima kama mama yako, mwili ungevumilia. Mfikirie mtoto wa kilo 5. Damu yake yote ni kama mililita 400. Ile chupa ya 500 iliyotundikwa juu yake ina maji mengi kuliko damu aliyonayo. Kanula ya manjano, ile nyembamba ya watoto, kigurudumu kikiachwa wazi kabisa inaweza kupitisha karibu mililita 20 kwa dakika. Piga hesabu: dakika 25 chupa nzima imeingia. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliopewa maji kwa kasi, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja, walikufa zaidi: kama 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, wakati wale ambao hawakuharakishiwa walikuwa 7.3. Madaktari wengi walitegemea kinyume chake.

Lakini mtoto huyo huyo akiwa amekaushwa kabisa na kuhara, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apewe mililita 100 kwa kila kilo, yaani chupa ile ile nzima ya 500. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja inapangwa iende kwa saa sita: mililita 30 kwa kilo saa ya kwanza, 70 zilizobaki kwa saa tano. Kwa saa sita inamrudishia uhai, kwa dakika 25 inamzamisha. Na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kigurudumu cha plastiki kilichobanwa kwa kidole gumba usiku wa manane.

Ndiyo maana kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote kwenye wodi ya watoto hakina hata waya. Kinaitwa bureti: kopo la plastiki angavu lenye mistari, la mililita 100 au 150, linalokaa kati ya chupa na kichupa cha matone. Muuguzi anajaza kiasi cha saa moja tu, anafunga kwa juu. Kigurudumu kikiachia chote, kinachoweza kuingia ni kile kilichomo kwenye kopo. Halihitaji umeme wala mafunzo ya wiki mbili, na kosa lake lina ukomo. Ukitaka kujua mhandisi mzuri anafikiria nini, litazame kopo lile kwa dakika kumi.

Kuna uhandisi mwingine mzuri zaidi, nao ni kuiondoa dripu yenyewe. Wa umri wangu tunaikumbuka kwinini ya dripu kwa malaria kali: saa nne inatiririka, kila baada ya saa nane inarudiwa, masikio yanavuma, na ikikimbia presha inashuka. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa atesuneti ya sindano iliokoa zaidi: vifo 8.5 kwa mia badala ya 10.9. Dawa yenyewe ndiyo bora, hilo ni la madaktari. Mimi fundi nilifurahia kwamba inachomwa kwa dakika chache na kuisha. Hakuna cha kukesha unakihesabu. Chumvichumvi za kunywa kwa anayeharisha lakini bado anaweza kumeza ni hadithi hiyo hiyo. Na wale wanaokwenda duka la dawa kuomba “dripu ya nguvu”, wajue chupa ya mililita 500 ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, chini ya zilizomo kwenye soda moja. Wamechomwa mshipa kwa ajili ya soda isiyojaa.

Turudi kwenye kengele yako. Unauliza kwa nini hakuna kitu kama hicho. Vipo, na vimekuwepo muda mrefu. Ipo pampu ya dripu, inayosukuma maji kwa mota na kulia ikiona upepo, kizuizi au chupa tupu. Ni kifaa kizuri, na kwa dawa kali za chumba cha mahututi hakuna mbadala wake. Lakini hata huko zinakotengenezwa si malaika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokea ripoti karibu 56,000 za matatizo ya pampu hizo kati ya 2005 na 2009, na mara 87 watengenezaji walilazimika kuziita pampu sokoni kwa kasoro. Mojawapo ya kasoro utaicheka kwa uchungu kwa sababu wewe unaitengeneza kila siku: kitufe kinachobonyezwa mara moja kikajisoma mara mbili. Muuguzi anaandika 10, mashine inasoma 100.

Halafu pampu ina nguvu ambayo dripu ya kutundika haina. Kanula ikitoka nje ya mshipa, maji ya kutundika hupungua kasi kadiri mkono unavyovimba, kwa sababu nguvu yake ni ile milimita 74 tu. Pampu inaweza kuendelea kusukuma. Na huku kwetu kuna mengine. Niliwahi kufungua stoo ya hospitali moja ya kanda hii nikakuta pampu nne za msaada, nzima, hazijawahi kutumika. Zilikuwa za umeme wa volti 120, wakati wetu ni wa 230, na zinakubali mpira wa kampuni yake tu, ambao hapa nchini haukuwa unauzwa. Betri zake zilikuwa zimekufa ndani ya maboksi.

Wapo waliojaribu njia rahisi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani walitengeneza mkono wa mizani unaobeba chupa upande mmoja na uzito wa kusogeza upande wa pili. Maji yakipungua kwa kiasi kilichopangwa, mkono unainuka na kuufyatua mtego, na mtego unaubana mpira. Ule ulikuwa mtego wa panya kabisa, springi ya dukani. Vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyobandikwa kwenye kichupa cha matone na kuhesabu kila tone kwa mwanga wa infraredi, ule wa rimoti ya televisheni.

Hicho cha mwisho nakifahamu kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitengeneza cha kwangu, nikakipeleka kwenye hospitali moja ndogo kando ya ziwa. Mezani kilikuwa kinahesabu bila kukosea tone. Wodini, kitanda cha kwanza kilikuwa chini ya dirisha la mashariki. Jua la asubuhi lina infraredi nyingi kuliko taa yangu mara mia, sensa ikapofuka, kengele ikalia bure mpaka saa nne. Wauguzi wakakizima asubuhi na kukiwasha jioni, wakazoea. Wiki ya tatu betri ikaisha usiku. Kifaa kilichokufa hakilii. Muuguzi wa zamu alikaa upande wa pili wa wodi akijua kwamba ikiisha ataitwa, na hakuna aliyemwita. Bibi mmoja dripu yake ilikauka, kanula ikaganda, akachomwa mara nne kupata mshipa mwingine. Alipona, lakini mimi nilikirudisha kifaa nyumbani siku hiyo hiyo, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimeifanya wodi ile iwe na hatari zaidi ya nilivyoikuta. Kabla yangu, yule muuguzi alikuwa anazunguka.

Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Uskoti, daktari Thomas Latta alikuwa wa kwanza kumwekea mgonjwa maji ya chumvi mshipani. Mama mzee, hana mapigo tena ya kuhisiwa. Maji yakaingia, macho yakarudi, akaanza kuzungumza. Daktari akaona amepona, akaondoka. Kuhara kukarudi, hakuna aliyeendelea kumwongezea maji, na ndani ya saa tano na nusu akafa. Tangu siku ya kwanza ya dripu duniani, tatizo limekuwa nani amebaki kitandani.

Sasa sindano zako mbili. Hapana. Nina sababu nne, na mbili za mwisho ni za fani yako.

Kichupa kile kimefungwa kisafi tangu kiwandani, ukikitoboa umewafungulia wadudu njia ya mshipani. Hilo lingetosha. Pili, kengele yako ingedanganya: maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, lakini dripu ya glukosi tupu karibu haipitishi, kwa hiyo ingepiga kelele “imeisha” chupa ikiwa imejaa. Tatu, betri ya simu ni volti 3.7, na hiyo inatosha kuyapasua maji ya chumvi: upande mmoja inatoka haidrojeni, upande mwingine klorini, na chuma cha sindano kinaliwa na kuyeyukia ndani ya kitu kinachoelekea kwenye damu ya mama. Weka sindano mbili kwenye glasi ya maji ya chumvi usiku mmoja, asubuhi utaona rangi yake. Nne, safu ya maji ya chumvi ni waya. Siku ambayo mtu atakichaji kifaa kikiwa kimetundikwa, ule mtekenyo unaousikia ukigusa simu ya chuma iliyo kwenye chaja ya bei rahisi utakuwa na barabara mpaka ndani ya mwili. Viwango vya kimataifa vya vifaa vinavyoweza kugusana na moyo vinaruhusu umeme unaovuja usizidi mikroampea 10 katika hali ya kawaida. Chaja ya elfu tano haijui kiwango hicho.

Kisiguse maji, basi. Pima uzito.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi utazame mizani ya kuning'iniza inavyopima samaki. Chupa ya dripu ya mililita 500 ni karibu gramu 500 za maji pamoja na plastiki yake. Sensa ya uzito ya mizani ya jikoni, ile fito ndogo ya alumini yenye nyaya nne, inaweza kuning'inia kati ya ndoano ya stendi na chupa, na mgonjwa wala maji visijue kama ipo. Ikibaki gramu 50, lia. Kwa matone 42 kwa dakika hiyo ni dakika 24 kabla ya kukauka, na muuguzi mmoja mwenye vitanda arobaini anaihitaji kila dakika ya hizo.

Ila usiishie hapo, maana kengele ya “imeisha” ndiyo isiyo na thamani kubwa. Sensa ile ile inaweza kukuambia kasi. Dripu ya saa 4 inapoteza gramu 10 hivi kila dakika tano. Ikipoteza 30, kigurudumu kimeachia: lia kwa sauti tofauti. Isipopoteza kitu kwa dakika kumi, kanula imeziba au mgonjwa ameulalia mpira. Hakuna ndugu wa mgonjwa atakayekuomba kengele ya kasi, kwa sababu hajui kuwa kasi ndiyo inayoua. Mwekee bila kuombwa.

Utasumbuka na mambo haya. Mgonjwa akiuvuta mpira uzito unapanda ghafla, kwa hiyo chukua wastani wa dakika nzima, usiamini namba moja. Feni itaibembeza chupa. Sensa za bei nafuu huhama kidogo jua likipanda. Mizani ya jikoni hujizima yenyewe ili kuokoa betri, hakikisha umeondoa tabia hiyo. Ndoano iwe imara hata sensa ikivunjika: pitisha mnyororo mlegevu wa akiba pembeni yake, chupa isije ikamwangukia mtoto usoni. Na boksi lako litafutwa kwa klorini kila siku, liwe halina matundu wala skrubu za chuma cha kutu. Usiku wa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi kutoka majini, ndiyo utajua kama umeliziba kweli.

Kuhusu betri, jifunze kwa mlinzi wa usiku wa mtaani. Anapiga filimbi kila baada ya muda, na ukiwa umezoea, kinachokuamsha ni siku ambayo filimbi haijalia. Kifaa chako kiwe na taa ya kijani inayopepesa kila sekunde chache kikiwa kizima, na kwenye meza ya muuguzi pawe na kipokezi kinacholia kikikosa salamu kutoka kitandani kwa dakika moja. Betri imekufa, waya umekatika, mtu amekizima: vyote vitasikika. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye changu. Na sauti kali iwe kwa muuguzi, kitandani iwe taa tu. Wodi yenye kengele thelathini zinazolia juu ya vichwa vya wagonjwa itazinyamazisha zote ndani ya siku mbili.

Mota ya kubana mpira iache. Najua inakuvutia, hata mimi ilinivutia. Lakini kusimamisha dripu si salama kila mara. Kwa mtoto anayepewa maji kupita kiasi, kubana kunaokoa. Kwa mgonjwa ambaye presha yake inashikiliwa na adrenalini inayotiririka tone kwa tone, kubana kunaweza kumuua haraka kuliko upepo wa jirani yako. Kifaa chako hakijui kilichomo kwenye chupa. Muuguzi anajua. Kimwite, basi.

Na kwa wiki hizi ambazo kifaa hakipo, kuna cha kufanya kwa plasta na kalamu. Chupa ikitundikwa, muulize muuguzi: hii ni ya saa ngapi? Bandika ukanda wa plasta kwa wima kwenye chupa, weka alama. Ya saa 4 ni mililita 125 kila saa: saa mbili usiku hapa, saa tatu hapa, saa nne hapa. Mtu yeyote anayepita, hata wewe uliyeshtuka usingizini, ataona kwa jicho moja kama maji yametangulia saa au yamechelewa. Wauguzi wa zamani walifundishwa hivyo. Hesabu na matone kwa saa ya simu: 42 kwa dakika ni kumi au kumi na moja kwa sekunde 15. Ukiona yamekimbia au yamesimama, mwite, usikiguse kigurudumu.

Jingine: utamwona mtu anatoboa kitako cha chupa ya plastiki ngumu kwa sindano ili maji yashuke. Ile chupa haijikunji vizuri, kweli inahitaji upepo kuingia, lakini mipira mingi ina kijitundu chake karibu na ncha ya kuchomeka, chenye kichujio na kifuniko kidogo. Kinafunguliwa kile kifuniko, basi. Sindano inaingiza hewa ya wodi bila kuchujwa.

Kuuza: siyo sasa, na siyo kimyakimya. Kifaa tiba kinasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Nenda uwaulize mapema, kabla hujatumia hela kwenye maboksi mazuri. Kabla ya kumwekea mgonjwa yeyote kwa majaribio unahitaji kibali cha maadili ya utafiti na hospitali iliyokubali kwa maandishi, pamoja na mhandisi wake wa vifaa tiba. Kumwekea mama yako mwenyewe kwa siri nako ni majaribio kwa mgonjwa. Usifanye.

Hakuna anayekuzuia kuanza kibandani, hata hivyo. Nunua mpira mpya wa dripu na chupa moja ya maji ya chumvi duka la dawa, tundika darini juu ya meza yako ya kufungulia simu, ndoo chini. Iache itone mchana na usiku, ikiisha jaza maji ya kawaida uendelee. Uvute mpira, fungulia feni, zima umeme, kitoe betri saa nane za usiku, kisha andika kilichotokea na saa yake. Fanya hivyo mwezi mzima, halafu uje ofisini kwangu. Kifaa hata kama kitakuwa kimeungua njoo tu, ila daftari usilisahau.